Jinsi ya kuandika historia ya klabu ya mpira ya wahamiaji

Klabu ya wahamiaji inaweza kucheza ligi miaka ishirini isiwe na daftari hata moja lililokamilika. Katibu wa kwanza amehamia mji mwingine, leja ya michango ilibaki kwenye buti ya gari lililokwisha kuuzwa, kadi za wachezaji ziko kwa mtu aliyegombana na kamati. Siku halmashauri ya mji inapouliza mmekuwepo tangu lini, kabla ya kuwapangia uwanja, kila mtu anataja mwaka wake.

Historia hiyo inaweza kurudishwa bila kuwa na shahada. Wanahitajika watu wawili au watatu, mmoja anayesoma vizuri lugha ya nchi mnayoishi na mwingine anayeimudu lugha ya wazee, na jumamosi nyingi. Mifano ya hapa imechukuliwa kwa Wagiriki na Wakroatia wa Melbourne, Waukraine wa Philadelphia, Waturuki wa Berlin na Waashuru wa Södertälje nchini Sweden, kwa kuwa klabu zao zilishapita njia ambayo timu za Wakongo, Warundi na Watanzania wa Marekani na Ulaya ziko katikati yake sasa.

Kuna kanuni moja ya kushika kazi nzima: usiende kwa mzee mikono mitupu. Karatasi nyingi za klabu ziko kwa watu wa nje, na maelezo yake yako kwa watu wenu. Karatasi ndiyo inayofungua mdomo wa mzee, na maneno ya mzee ndiyo yanayokuonyesha karatasi ipi uitafute.

Tarehe nne na majina yote

Ugomvi wa kwanza huwa ni mwaka wa kuanzishwa, na mara nyingi ni ugomvi wa bure, maana kila upande unazungumzia tukio lake. Yapo manne: siku vijana walipoanza kukusanyika kupiga mpira bustanini, kikao kilichomchagua mwenyekiti wa kwanza, msimu wa kwanza kwenye ligi, na siku ya usajili wa kisheria. Kati ya tukio la kwanza na la nne inaweza kupita miaka mitano au zaidi. Chora jedwali la safu nne, jaza kila tarehe pamoja na ushahidi wake, kisha kamati iamue ni ipi itakayokaa kwenye nembo. Kitabuni ziingie zote. Palestino, klabu ya Wapalestina wa Chile, huhesabu umri wake tangu 1920 huko Osorno, kusini mwa nchi, lakini ligi ya kulipwa iliingia 1952 ikiwa Santiago. Pengo la namna hiyo lielezwe waziwazi, lisirukwe.

Kwa timu zilizozaliwa na wakimbizi kuna tukio la tano. Wachezaji wengi walishacheza pamoja kambini kabla ya kupanda ndege. Ikiwa nusu ya kikosi cha kwanza walitoka mtaa mmoja wa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, sura ya kwanza ya kitabu iko Kigoma, sio Ohio.

Baada ya tarehe, majina. Andika kila jina ambalo klabu imewahi kulitumia, la rasmi na la mtaani, na miaka yake. South Melbourne Hellas ilizaliwa 1959 kwa kuunganisha South Melbourne United, Hellenic na Yarra Park Aias, kwa hiyo anayeitafuta kabla ya mwaka huo kwa jina la Hellas peke yake atapotea. Wakroatia wa Melbourne walianza 1953, wakafukuzwa kwenye ligi ya Victoria mwaka 1972 kwa vurugu uwanjani, wakarudi kwa kuingia Essendon Lions, na leo ni Melbourne Knights. Katika miaka ya 1990 viongozi wa soka Australia walizilazimisha klabu nyingi kuacha majina ya makabila na mataifa. Sera nyingine ya aina hiyo ilitolewa 2014 ikafutwa 2019. Kwa hiyo jina likibadilika, usidhani watu walichoka nalo tu; tafuta barua iliyowalazimisha.

Karatasi ziko kwa wengine

Anza na ofisi ya usajili. Ujerumani ni rahisi kupita kote: klabu ikisajiliwa kama chama, faili lake hukaa kwenye rejesta ya vyama katika mahakama ya wilaya, na mtu yeyote anaruhusiwa kulikagua bila kueleza sababu. Humo mna katiba ya kwanza, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na majina ya waanzilishi, ambao sheria inataka wasipungue saba. Türkiyemspor ya Berlin, iliyoanza Kreuzberg mwaka 1978 kwa jina jingine, ni aina ya klabu ambayo mabadiliko yake ya jina hufuatwa kwa njia hii hatua kwa hatua.

Marekani, tafuta kwa katibu wa jimbo, kitengo cha makampuni na jumuiya, kisha angalia taarifa za kodi. Jumuiya ndogo yenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza fomu fupi tu ya mtandaoni, 990-N, nayo haikupi zaidi ya jina, anwani na kiongozi mmoja. Hata hivyo anwani ile inafaa: ndiyo nyumba ambako vikao vilikuwa vikifanyika.

Uingereza klabu nyingi za ridhaa hazikuwahi kusajiliwa kokote kisheria. Ushahidi wao ni uanachama wa kila mwaka katika chama cha soka cha kaunti, na vitabu vidogo vya mwongozo vya kila msimu vyenye orodha ya timu, rangi za jezi, uwanja na jina la katibu.

Hatua inayofuata ni ligi. Mwandikie katibu wa ligi barua fupi inayotaja vitu kwa majina: fomu ya usajili wa timu, orodha za wachezaji, ratiba, matokeo, msimamo wa mwisho wa kila msimu na faili la nidhamu. Ukiomba "kumbukumbu zetu" utajibiwa kwamba hakuna. Faili la nidhamu wengi hulikwepa kwa aibu, ilhali ndilo tajiri kuliko yote. Ripoti moja ya mwamuzi ina tarehe, uwanja, matokeo, dakika, namba za jezi, jina la kocha na mara nyingine maneno yaliyosemwa. Wanaoandika kuhusu soka la ridhaa la Berlin wana bahati zaidi, maana gazeti la Fußball-Woche limekuwa likichapisha misimamo ya ligi za chini kwa miongo mingi.

Kwenye magazeti yaliyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, kama Trove ya Australia au Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambazo zote ni bure, tatizo ni kompyuta kusoma vibaya majina ya kigeni. Mwandishi alikosea kusikia, mpanga chapa akakosea tena, kisha mashine ikamalizia. Usitafute jina la timu yenu. Tafuta la wapinzani. Timu ya wenyeji yenye jina la mtaa wao huandikwa sawasawa, na ukiwa na ratiba ya ligi unajua ni wiki ipi mlikutana nao. Fungua ukurasa wa michezo wa wiki hiyo uusome kwa macho. Kwa majina ya watu tafuta kila mwendelezo: Hussein na Hussain, Mwinyi na Muinyi. Mkongo anaweza kuandikwa jina la ukoo kwanza msimu mmoja na mwisho msimu unaofuata.

Usisahau magazeti ya wahamiaji wenyewe. Waukraine wa Philadelphia walitwaa kombe la wazi la Marekani 1960, 1961, 1963 na 1966, na atakayetosheka na magazeti ya Kiingereza atakosa upande wao wa habari, uliokuwa kwenye Svoboda, gazeti la Kiukraine linalotoka tangu 1893. Wagiriki wa Melbourne wana Neos Kosmos tangu 1957. Jumuiya isiyokuwa na gazeti ina matangazo ya msikiti au kanisa, kadi za harusi, na mabango ya mechi za hisani.

Simu za wanachama

Klabu iliyoanza baada ya 2010 imeandika historia yake kwenye kundi la WhatsApp bila kujua. Kikosi, nauli, nani kachelewa, nani kalipa ada, nani katoka kundini kwa hasira: vyote vimo. Tumia amri ya kutoa gumzo zima, ujitumie faili kwa baruapepe. Programu hutoa ujumbe 40,000 wa karibuni ukiacha picha, na 10,000 tu ukizichukua. Kwa kundi lenye kelele hiyo ni miaka miwili au mitatu, na ya mwanzo haitoki.

Dawa yake ni kumtafuta aliyetoka kundini zamani. Kwake gumzo liliishia siku aliyotoka, kwa hiyo ujumbe 40,000 wa simu yake unarudi nyuma kuanzia hapo. Waliotoka miaka mitatu tofauti wanaweza kukupa mfululizo wote, mradi hawakufuta na simu ya zamani haijatupwa. Omba ruhusa ya kila mmoja, na utangaze kundini kabla ya kuanza. Kuwa macho na tarehe pia: simu yenye mpangilio wa Marekani huandika mwezi mbele ya siku, na 03/04/2018 ya simu moja siyo 03/04/2018 ya nyingine. Tafuta kwenye faili tarehe yenye namba inayozidi 12 ujue mpangilio upi umetumika.

Picha zilizopita WhatsApp hupoteza taarifa za ndani za kamera, lakini kwenye Android jina la faili hubaki na tarehe: IMG-20190713-WA0004 ilipita kwenye simu hiyo tarehe 13 Julai 2019. Hiyo ni siku ya kutumwa, huenda picha yenyewe ni ya miaka kumi nyuma.

Picha za karatasi

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, mbele na nyuma. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa faili la MB 25 hivi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini tu, karibu na ukingo. Wino wa kalamu hupenya na kutokea upande wa nyuso. Picha iliyogandia kwenye albamu ya kunata usiivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole, kona hadi kona. Ukiona inaanza kuchanika, iache, skani ukurasa mzima.

Majina yaandikwe kwa utaratibu wa magazeti yetu ya michezo: waliosimama kutoka kushoto, kisha waliochuchumaa kutoka kushoto. Usiyemjua aachwe na alama ya kuuliza kwenye nafasi yake, asirukwe, vinginevyo majina yote yanayofuata yanasogea na kaka wa watu anaitwa jina la golikipa.

Kuwahoji wazee

Panga orodha kwa umri na afya, sio kwa cheo. Mwenyekiti wa sasa anaweza kusubiri. Wanaosahaulika ni aliyekuwa na gari la abiria saba, mama aliyekuwa akifua jezi kumi na nne kila Jumapili, waliopika pilau na sambusa za kuchangisha pesa za usajili, na mwamuzi mwenyeji aliyezoea kuchezesha mechi zenu. Mara nyingi mama wa jezi anakumbuka mengi kuliko nahodha, kwa kuwa alikuwepo kila wiki na hakuwahi kuumia.

Nenda na karatasi: orodha ya kikosi, ripoti ya mwamuzi, picha moja. Salamu zifuate alikotoka mtu. Mtanzania mwandikie shikamoo yake hata kwenye simu. Mzee wa Uvira au Baraka, miji ya mashariki mwa Kongo, muite papa, yaani baba. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti katika lugha yake, iseme sauti itawekwa wapi, nani ataisikia, na kwamba ana haki ya kufuta sehemu yoyote kabla ya kuchapa.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iwe kwenye hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Zima televisheni, na omba friji izimwe kama mko jikoni (weka funguo za gari lako ndani yake, hutaondoka bila kuiwasha tena). Rekodi WAV ya kHz 48 na biti 24. Saa moja ya chaneli moja ni MB 520 hivi, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo. Kaa dakika 60 hadi 90, usizidishe. Kila saa ya sauti itakula saa nne hadi sita za kuiandika.

"Tuambie historia ya klabu" ni swali baya. Litakupa hotuba ile ile ya kila mwaka. Uliza vitu vinavyoshikika. Jezi za kwanza zilinunuliwa wapi, rangi ile aliichagua nani? Mlifikaje uwanjani, na waliokosa nafasi kwenye gari walifanyaje? Mlivalia wapi nguo kabla ya kupata chumba? Nani alizungumza na mwamuzi kwa lugha yake? Mshahara ulitoka lini, na ada ililipwa lini? Akianza kueleza, nyamaza. Kimya cha sekunde kumi humrudisha mtu kwenye jambo alilotaka kulipita.

Kikao cha kundi kinafaa kwa kutambua nyuso kwenye picha na kwa vicheko. Kwa mambo ya fedha na ugomvi hakifai, kwani mkubwa akishasema wengine huitikia.

Katika kuandika, acha Kiswahili cha mtu kama kilivyo. Mkongo akisema "tulikuwaka tunacheza na bazungu" usimgeuze kuwa Mtanga. Akichanganya Kifaransa au Kiingereza, acha hivyo hivyo kwenye nakala ya kuhifadhi. Usafi ufanyike kwenye sura ya kitabu tu, naye aoneshwe.

Kuzipima kumbukumbu

Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo yaliyotokea karibu yake. Badala ya kuuliza mwaka, uliza kama Kombe la Dunia la Afrika Kusini liliwakuta wakiwa bado kambini au wameshafika. Kwa waliopita Kigoma kuna nguzo nzuri: Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Mtabila ikafungwa Desemba 2012. Kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza ni nguzo nyingine isiyokosea.

Kwa klabu za zamani, sheria za mpira zenyewe ni kipimo. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la 1970, hivyo anayesimulia kadi nyekundu ya 1962 amechanganya misimu, au anamaanisha alitolewa kwa mkono. Golikipa kukatazwa kudaka pasi ya mwenzake ni jambo la 1992. Pointi tatu kwa ushindi zilianza England 1981, na Ujerumani kwenye msimu wa 1995/96. Ukikuta msimamo uliokatwa gazetini bila tarehe, hesabu: ushindi mara mbili, jumlisha sare. Ikilingana na pointi zilizoandikwa, umeshajua ni wa kabla ya mabadiliko katika nchi hiyo, ingawa ligi za chini huweza kuchelewa.

Hoja ya mtu mmoja iandikwe kama ya mtu mmoja. Ya wawili wasiopikika chungu kimoja ina uzito zaidi kuliko ya kumi waliosikia kwa mmoja.

Yanayouma

Karibu kila klabu ya ridhaa ina mechi iliyochezwa na mamluki kwa kadi ya mwenzake, na kijeba, yaani aliyezidi umri, aliyeng'ara kwenye timu ya vijana. Yanachekesha kusimulia, ila kwa mhamiaji umri na jina ni mambo ya makaratasi ya ukaazi. Kisa kinaweza kuandikwa bila jina, bila msimu na bila namba ya jezi; kama bado mtu atatambulika, kiache. Njia aliyoingilia mtu nchini, aina ya kibali chake na alichokimbia visiingie kitabuni pasipo yeye kutaka, hata kama alivieleza mbele ya rekoda. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu 2018 haiwahusu waliofariki, lakini wajane wao wapo na watasoma.

Mgawanyiko usifichwe. Södertälje, Sweden, ina Assyriska ya 1974 na Syrianska ya 1977, za watu wa asili moja ya Kikristo kutoka Mashariki ya Kati waliotofautiana juu ya utambulisho wao. Zote mbili zilifika ligi kuu, moja 2005 na nyingine 2011. Anayeandika ya moja bila kuwahoji wa pili anaandika nusu ya historia ya yake mwenyewe. Kwenu mgawanyiko huenda ulikuwa wa makabila kama Banyamulenge na Babembe wa Kongo, wa dini, au wa nani alishika pesa za harambee. Eleza pande mbili kwa urefu unaokaribiana, tumia maneno yao, halafu weka matokeo: nani alibaki na jina, nani na jezi, nani na nafasi kwenye ligi.

Kupanga na kuchapa

Fuata misimu, sio wenyeviti. Historia inayopangwa kwa wenyeviti huwa risala ya kuagana. Kila msimu upewe nusu ukurasa wa data (ligi, nafasi, mfungaji bora, uwanja, jezi) na simulizi iende ndefu pale tu palipo na jambo. Miaka mingine inastahili mistari mitatu.

Kurasa za A5 zilizobanwa kwa pini katikati zigawanyike kwa nne, na zisizidi 64 au hivi, la sivyo kitabu hakilali. Picha zinahitaji nukta 300 kwa inchi kwenye ukubwa wa kuchapa. Ile ya WhatsApp yenye pikseli 1600 hutoka vizuri hadi upana wa sentimita 13.5 tu, kwa hiyo usiitanue jaladani. Chapa kwanza nakala chache, peleka kwa kila aliyehojiwa na penseli, wape wiki tatu. Masahihisho yatakayorudi ni zaidi majina, na jina lililokosewa ndilo watu hawasamehi.

Faili ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba ya katibu. Picha na madaftari asilia yapelekwe makavazi ya mji kwa mkataba unaosema kama ni zawadi au amana, na nani anaruhusiwa kufungua sauti zilizozuiwa na hadi mwaka gani. Uingereza, nakala ya kitabu inapaswa kufika British Library ndani ya mwezi mmoja tangu kitolewe. Nchi nyingine zina maktaba zao za namna hiyo, na kupeleka hakuna malipo zaidi ya posta.